Mikoko Nimepima Mimi, Jina Langu Limeishia Kwenye Shukrani

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa Faza, kisiwani Pate, kaunti ya Lamu, ila kwa sasa nimepanga chumba Malindi, mtaa wa Maweni. Nina shahada ya uzamili ya ikolojia. Tasnifu yangu ilihusu jinsi mikoko inavyochipuka upya mahali palipokatwa boriti, na mada hiyo sikuiokota njiani. Baba yangu alikuwa mkata boriti, na karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye mapau na boriti alizouza.

Nilipohitimu nilichukuliwa na mradi wa profesa mmoja wa Ulaya. Kwenye mkataba naitwa msaidizi wa utafiti. Kazi yenyewe ni hii: nilichagua mimi pa kuweka viwanja vya vipimo, nikawafunza vijana wa kijijini kutofautisha aina za mikoko, mkandaa na muia, miche ikiwa bado midogo, nikapanga safari kwa kufuata maji makuu na madogo ya bahari, bamvua na maji mafu, nikatafuta mashua na nahodha, nikapima mashina tope likinifika magotini, na usiku nikaingiza takwimu kwenye kompyuta. Profesa mwenyewe hajakanyaga Lamu tangu mradi uanze. Bima ya chuo chake haimruhusu, kwa sababu za usalama. Huja mpaka Watamu, akae hotelini, tupitie majedwali pamoja, kisha arudi kwao.

Mwaka jana makala ilitoka katika jarida kubwa. Waandishi ni wengi, na baadhi yao nimewaona kwenye skrini tu. Mimi niko chini kabisa, kwenye shukrani, pamoja na nahodha: tumeshukuriwa kwa msaada wa uwandani. Kilichoniuma zaidi ni ramani. Mle ndani mna ramani ya sehemu zilizokatwa zamani, na ramani hiyo niliichora mimi, nimekaa barazani na baba na wazee wenzake, wakinitajia kila hori, yaani kila mkono wa bahari uingiao mikokoni, na miaka waliyoikata.

Sasa yamenijia mambo matatu kwa mpigo. Profesa ameniandikia kwamba ana nafasi ya uzamivu chuoni kwake. Ufadhili ni wa miaka mitatu, mada ameshaipanga, na nitatumia data ya mradi. Kampuni moja ya ushauri wa mazingira ya Mombasa nayo inanitaka niwaandikie sehemu za mikoko katika ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira. Wanacholipa kwa mwezi kinapita ninachopata kwa kufundisha muhula mzima, lakini rafiki aliyepita hapo anasema sura yake ilibadilishwa baada ya kuikabidhi. La tatu, chuo ninachofundisha kama mhadhiri wa muda, ambacho bado kina deni langu, mkuu wa idara amenidokeza kwamba huenda wakatangaza nafasi ya kufundisha huku mtu akisoma uzamivu.

Nyumbani nako hakukaliki. Mama kila nikimpigia huniuliza kama nimeshaandikwa kazi. Mdogo wangu ameingia chuo na karo inanitazama mimi. Nikienda Faza, wajomba hawanichekei. Tangu serikali ipige marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, wao husema ni sisi wasomi na vipimo vyetu tulioufunga msitu. Ami yangu aliniambia mbele ya watu: "Babako alikata, ukala. Wewe wahesabu, wala nini?"

Naogopa kudai jina nikaonekana sina shukrani, maana profesa huyo ndiye anayeniandikia barua za mapendekezo. Je, nikubali uzamivu? Nidai jina kwanza? Au niachane na ikolojia nitafute kazi ya benki kama wenzangu?

Mpima Mikoko, Malindi

*

Marahaba mwanangu.

Umeuliza mengi, lakini yote yananing'inia kwenye swali ambalo hukuliuliza: data hiyo ni ya nani? Usipolijua hilo ukaenda Ulaya, utasoma miaka mitatu juu ya takwimu ulizozitoa topeni mwenyewe na bado utaziombea ruhusa. Ukienda kampuni ya Mombasa, hutajua kama vipimo vya Faza unaweza kuvitia kwenye ripoti yao au la. Ukibaki chuoni hapo pwani, hutajua kama una kitu cha kuchapisha. Kwa hiyo naanzia hapo, na benki itasubiri.

Tandaza ulichonacho mezani, utaona ni mafungu matatu. La kwanza ni vipimo vya tasnifu yako, ulivyochukua kabla ya kuajiriwa na mradi. Hivyo vimebeba jina lako kwenye maktaba ya chuo na hakuna profesa wa kukugombania, ilimradi usivichanganye na vya kwake kwenye faili moja. Kama umeshavichanganya, vitenganishe wiki hii. La pili ni vipimo vya mradi. Hapo mkataba wako ndio utakaosema, na nyuma ya mkataba wako upo mwingine mkubwa zaidi. Mtafiti wa kigeni hafanyi utafiti Kenya bila kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na ili akipate hutakiwa awe amejiunga na taasisi ya hapa nchini. Tafuta ni taasisi gani, kisha uombe kwa adabu nakala ya kibali na ya makubaliano yaliyopo kati ya taasisi hiyo na chuo cha profesa. Mara nyingi humo ndimo mlimoandikwa data itahifadhiwa wapi na nani ana haki ya kuitumia. Wasaidizi wengi huibeba karatasi ya kibali kwenye mashua, wakaionyesha kwa askari wa misitu na kwa chifu, wasiwahi hata siku moja kuisoma mpaka chini.

Fungu la tatu ni ile ramani ya wazee. Hiyo nitairudia, maana ina mwiba ambao sidhani umeuona.

Tuje kwenye jina. Majarida mengi, hata ya ikolojia, hufuata au huiga kanuni za kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE. Kwa kanuni hizo mtu huitwa mwandishi akitimiza masharti manne: awe amechangia kwa uzito katika kuubuni utafiti, au kukusanya data, au kuichambua, awe ameandika rasimu au ameisahihisha kwa kina, awe ameliidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Wewe sharti la kwanza umelipita kwa mbali. Aliyeamua kiwanja kiwekwe wapi ameshiriki kuubuni utafiti. Nahodha aliyekufikisha pale anastahili shukrani na nauli yake, lakini wewe na nahodha hamkufanya kazi moja.

Mtego uko kwenye sharti la pili. Mtu haonyeshwi rasimu, halafu makala ikitoka anaambiwa hakuandika rasimu. Waliotunga kanuni waliliona hilo, wakasema wazi kwamba anayetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika yale yaliyobaki. Hiyo ndiyo hoja yako, na ni hoja ya kanuni. Hutaonekana mtoto anayelilia kipande cha halua.

Je, makala iliyokwishatoka inaweza kurekebishwa? Inaweza, lakini kwa kawaida mhariri atataka waandishi wote wakubali, na kukiwa na mzozo hataamua yeye, atawarudishia vyuo vyenu. Ndiyo maana sikushauri uanze kwa mhariri. Anza kwa profesa, kwa barua pepe, maana simu haiachi kumbukumbu. Mweleze kwa Kiingereza chako cha kila siku, pasiwe na hati ya mashtaka. Sema umeisoma makala na umefurahi imetoka. Mtajie kazi uliyofanya: uchaguzi wa viwanja, mafunzo ya vijana, ramani. Muulize kama angekubali kuomba marekebisho ya orodha ya waandishi, na kama hilo haliwezekani, mkubaliane sasa, kwa maandishi, makala zinazofuata zitakuwa zipi, nani mwandishi wa kwanza kwa kila moja, na rasimu itakufikia lini. Kisha nyamaza usubiri. Usitume barua ya pili kesho yake kuomba radhi kwa ile ya kwanza. Wasichana wetu wa pwani tumewalea na adabu mpaka nyingine imekuwa hasara kwao.

Unaogopa barua za mapendekezo. Hofu hiyo ni ya haki, sitaidharau. Lakini tazama na upande wa pili wa mizani. Tangu wageni kutoka Ulaya walipotekwa nyara Kiwayu na Manda mwaka 2011, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, serikali za Ulaya zimekuwa zikiwatahadharisha raia wao kuhusu sehemu za kaunti ya Lamu, na vyuo vyao hutazama tahadhari hizo kabla ya kumpa mtu ruhusa ya safari. Na huko ndiko iliko zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Profesa wa mikoko asiyeweza kufika Lamu anamhitaji anayeweza kufika. Miche uliyoitia alama anayejua ilipo ni wewe. Usimtamkie hayo kama kitisho, yeye mwenyewe anayajua, ila yakukalie moyoni unapoandika ili mkono usitetemeke. Na tafuta mtu wa pili wa kukuandikia barua: msimamizi wa tasnifu yako, au mtafiti wa taasisi ya umma aliyewahi kuiona kazi yako uwandani. Mwanasayansi mwenye mpendekezaji mmoja tu ana mwajiri, hana mpendekezaji.

Akijibu kwa ukali, au asijibu kabisa, utakuwa umejua jambo kubwa kabla ya kumkabidhi miaka mitatu ya maisha yako. Heri nusu shari.

Sasa uzamivu. Ukitaka kufundisha chuo kikuu Kenya kwa ajira ya kudumu, shahada hiyo huikwepi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka wazi katika vigezo vyake vya mwaka 2014 kwamba mhadhiri awe na uzamivu. Kwa hiyo sitakwambia uukatae. Nakwambia usiupokee kama zawadi. Nafasi ya uzamivu ni mkataba wa kazi, una mambo ya kuulizwa. Posho inatosha kuishi katika mji ule, au inatosha kwenye karatasi tu? Bajeti ya safari za uwandani ipo, na mashua imo ndani yake? (Mashua husahaulika kila mara, kana kwamba mtu atavuka kutoka gati la Mokowe kwenda visiwani kwa miguu.) Je, unaweza kuwa na msimamizi wa pili aliye Kenya? Sura za tasnifu zitatoka zikiwa na jina lako mbele? Na ufadhili ukiisha miaka mitatu na kazi haijaisha, jambo la kawaida sana katika ikolojia, nani atalipa mwaka wa nne? Kaskazi na kusi hazijui kalenda ya mfadhili. Ukikosa msimu mmoja umekosa mwaka.

Muulize pia kama mada imefungwa au ina mlango. Hapa nina maoni yangu na nitayasema. Wewe umekalia swali zuri kuliko analokupangia, hata kabla sijaliona la kwake. Una viwanja vya tasnifu vilivyopimwa baada ya kukatwa, una kumbukumbu za wakataji, na una tarehe moja ambayo msitu mzima ulifungwa kwa amri. Wataalamu wa fani yako hutafuta miaka na miaka mahali ambapo hali imebadilika ghafla, eneo kubwa, siku moja, na vipimo vya kabla vikiwepo. Februari 2018 marufuku ilitangazwa kwa miezi mitatu, kisha ikaongezwa. Nini kilitokea kwenye hori zilizokuwa zikikatwa? Zipi zilijaa miche zenyewe, zipi zilibaki tope tupu? Mlilana ulirudi kama mkandaa ulivyorudi? Swali hilo halihitaji maabara ya Ulaya. Linahitaji mtu anayejua hori ipi ilikatwa lini.

Na lina soko, kama tunazungumzia ugali. Mpango wa taifa wa usimamizi wa mikoko uliopo ni wa 2017 hadi 2027. Utakapoandikwa mwingine, watakaa mezani wale wenye takwimu za Lamu, na kwa sasa si wengi. Usingoje profesa akuombee ruzuku. Shirika la sayansi ya bahari la magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, lenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti kwa watu wa ukanda huu. Rufford Foundation ya Uingereza nayo hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi kwa watu walioko mwanzo wa kazi katika nchi kama yetu. Fedha zao hazikutajirishi. Faida ni kwamba fomu huijaza wewe, kiongozi wa mradi ni wewe, na siku ya siku ukiulizwa data ni ya nani, huna haja ya kuniandikia.

Kuhusu kampuni ya Mombasa sina ugomvi na pesa yao. Mdogo wako atasomeshwa na pesa, makala hazilipi karo. Ila usiingie kwa mguu wa karani. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, husajili wataalamu wa tathmini kwa majina yao. Chukua mafunzo yanayotakiwa, uombe usajili wewe binafsi, ili leseni iwe yako usiwe unaazima kivuli cha kampuni. Chukua kazi ripoti kwa ripoti, usijifunge mwaka mzima. Na kwenye makubaliano tia kifungu kimoja: sura yako ikibadilishwa baada ya kuikabidhi, aidha uione na uisaini upya, au jina lako litoke. Wakikataa kifungu hicho, umeshajua alichokwambia rafiki yako ni kweli.

Sikwambii haya kwa wasiwasi wa bure. Watu wa Amu, yaani Lamu, wanakumbuka kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe. Leseni ya NEMA ilitoka mwaka 2016, na Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likaifuta, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ripoti ya tathmini ilifunguliwa mbele ya wanasheria ikachambuliwa. Ripoti huwa na waandishi. Siku moja sura ya mikoko uliyoiandika wewe inaweza kufunguliwa hivyohivyo, na wa kwanza kuisoma atakuwa ami yako.

Chuo kinachokudai kazi huku wewe ukikidai mshahara, nitakipitia haraka. Nafasi ikitangazwa, omba. Mpaka itangazwe, dokezo la mkuu wa idara ni dokezo. Maliza muhula ulioanza, kabidhi alama za wanafunzi kwa wakati maana wao hawana kosa, halafu usichukue kozi nyingine mpaka deni la zamani lilipwe au lipangiwe tarehe kwa maandishi. Najua wahadhiri wa muda huambiwa kwamba uvumilivu ndio unaozaa ajira. Nimekaa kwenye kamati za kuajiri, na sijawahi kuona safu ya uvumilivu kwenye fomu ya alama. Kulikuwa na safu ya machapisho, ya ruzuku, ya usimamizi wa wanafunzi.

Kwa kuwa nimetaja machapisho: mtu aliyenyimwa jina huwa na njaa, na wapo wanaowinda wenye njaa. Ukipata barua pepe ya jarida linalokusifia kupita kiasi, linaahidi kukuchapisha ndani ya siku chache na kutaja ada kabla halijataja wasomaji wa kuikagua kazi yako, ipotezee. Majarida ya kweli mengi yanayotoza ada huwa na utaratibu wa kupunguza au kusamehe kwa watafiti wa nchi kama yetu. Uliza kabla ya kutuma, usiulize baada ya kukubaliwa.

Sasa ule mwiba. Umeumizwa kwamba ramani yako imetumika bila jina lako. Mwanangu, ramani ile wazee wametajwa wapi? Katika barua yako umesema walikutajia kila hori na miaka yake. Kwenye makala, kwa ulivyonieleza, hata kwenye shukrani mmetajwa nahodha na wewe tu. Baba yako hayumo. Sisemi hili kukunyamazisha. Madai yako kwa profesa ni ya haki na uyaendeleze. Lakini utakapoandika makala yako ya kwanza ukiwa mbele, wao watakuwa wapi? Uliwaambia maneno yao yatachapishwa? Walijua kwamba ramani ya sehemu zilizokatwa inaweza kusomwa na mtu wa serikali kama ramani ya waliokata?

Hapa ndipo ugomvi wa ami yako unapopata maana. Mikoko ya nchi hii ilitangazwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, watu wakaambiwa wakate kwa leseni. Mwaka 1982 uuzaji wa boriti nje ukapigwa marufuku, na wale waliozoea kuona majahazi yakipakia kuelekea Uarabuni wakabaki na soko la ndani. Mwaka 2018 ikaja nyingine. Kila mara amri imetoka mbali, na kila mara kabla yake alionekana mtu mwenye daftari akizunguka msituni. Ami yako hana takwimu lakini amehesabu vizuri. Huwezi kumshinda kwa hoja barazani, na mbele ya watu hasa usijaribu.

Unachoweza ni kurudi na matokeo kabla hayajaenda kwa mhariri. Kaa nao Faza, uzungumze Kitikuu, uache slaidi Malindi. Waonyeshe ni hori zipi zimepona na zipi hazikupona, waulize kwa nini, kwa sababu watakuwa na majibu ambayo wewe huna: nani alikata fito akaacha nguzo, wapi maji yalibadilisha njia, wapi mchanga ulifunika. Waulize nini kisichapishwe. Majina ya mahali ambayo hawataki yaonekane, yaondoe. Kama mmoja wao amekupa maarifa yanayobeba makala, mweke kuwa mwandishi mwenza. Yapo majarida yanayokubali, na sharti la rasimu utalitimiza kwa kumsomea kwa lugha yake na kuandika masahihisho yake. Hilo likikushinda, taja majina yao kwenye shukrani kwa idhini yao, kila mmoja kwa jina lake.

Kama vipimo vyako vitaonyesha kwamba hori fulani zinaweza kukatwa kwa kiasi bila kufa, liseme hilo pia. Hakuna sheria inayomtaka mwanaikolojia awe upande wa kufuli.

Umeniuliza kama uache ikolojia. Sioni sababu ndani ya barua yako. Naona sababu za kumwacha mwajiri mmoja, na za kugoma kufundisha bure, ambazo ni habari nyingine. Ila nakuomba uubadilishe wasifu wako leo, hata kama mwishowe utaupeleka benki. Umejiita msaidizi wa utafiti kwa sababu mkataba ulikuita hivyo. Andika ulichofanya: ulisimamia timu ya uwandani, ulipanga safari za bahari na bajeti yake, ulibuni mpangilio wa viwanja, ulitunza hifadhidata, ulichora ramani. Mwajiri hana muda wa kukisia. Kama bado hujui R, programu ya kuchambulia takwimu, jifunze, ni ya bure, na takwimu unazoweza kuzichambua mwenyewe haziwezi kuchambuliwa nyuma ya mgongo wako.

Mama mwambie ukweli kwa kipimo chake: kiasi gani kinaingia mwezi huu, kiasi gani unadai, na lini unatarajia. "Bado naangalia" ndiyo inayomkosesha usingizi. Ya karo mgawane na ndugu wengine, kama wapo. Hukuandika kwamba u peke yako.

Utaratibu basi. Kwanza tenganisha faili na uweke nakala mahali pawili, na madaftari ya tope uyapige picha ukurasa kwa ukurasa. Pili barua ya profesa, na usiijibu ile ya uzamivu mpaka hii ijibiwe. Akikuharakisha kwa tarehe ya mwisho ya chuo, mwambie ndiyo maana umeuliza mapema. Tatu kampuni, ripoti moja ya majaribio yenye kile kifungu. Barua ya kudai malipo yako chuoni ipeleke kwa mkuu wa idara na kwa ofisi ya fedha, zote mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana ukiacha ofisi moja ndiyo itakayosema haikuiona.